Utepe wa Kijani katika Hujra ya Maalim

Fundi cherehani alipokanyaga kizingiti cha hujra, rafu zilizinduka. Kuta za chumba kile cha mviringo, zilizokuwa tupu, zilianza kuvuma kwa sauti ya chini, na vitabu vikapanda kutoka ghala la chini ya ardhi kwa mifereji ya sumaku, kimoja nyuma ya kimoja, vikajipanga. Kabla mtu hajamaliza kusoma Alhamdu, ukuta mzima ulikuwa umejaa. Vyekundu vilikaa na vyekundu, vya manjano vikafuatia, kisha vya kijani vikakolea mpaka vikaingia weusi, mfano wa majora ya vitambaa dukani. Fundi hakutafuta. Alinyoosha mkono akakitwaa kitabu chake cha bustani palepale alipotarajia kukikuta, akaketi, akasoma.

Alipotoka yeye, akaingia mkunga. Vitabu vya fundi vilizama ghalani, vikapanda vingine, na safari hii hapakuwa na rangi wala kimo kilichofuatwa. Mkunga yule aliviweka vitabu kwa watu waliomfunza kuvipenda: vya shangazi yake upande huu, vya mwalimu wake kule, na kile kimoja alichopewa na mzazi aliyefariki mikononi mwake kilikaa peke yake, kimeachiwa nafasi kushoto na kulia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa Maktaba ya Utondwe Mpya, na akili unde iliyoiendesha iliitwa Mpambanuzi.

Zamani, maktaba za dunia zilikuwa na mpango mmoja kwa watu wote. Kila fani ilipewa namba yake na kila namba rafu yake, na msomaji ndiye aliyelazimika kujifunza akili ya maktaba. Mama aliyetafuta dawa ya kikohozi cha mwanawe sharti ajue kwanza kwamba kikohozi ni tawi la tiba, na tiba ni tawi la elimu ya viumbe. Mpango ule ulikuwa wa haki, kwa kuwa ulimsumbua kila mtu sawasawa. Muhandisi Thuwaiba binti Athmani aliugeuza. Alisema ni maktaba inayopaswa kujifunza akili ya msomaji, naye alitumia ujana wake wote kuifundisha.

Msomaji mpya alipewa vitabu vichache ndani ya hujra tupu, akaambiwa avipange apendavyo, wala asiulizwe sababu. Mpambanuzi aliutazama mkono: ulikokwenda bila kusita, ulikosita, ulichokirudia. Baada ya siku kadhaa alikuwa amechora kile Thuwaiba alichokiita ramani ya nia, yaani sura ya namna mtu anavyoviweka vitu moyoni mwake. Kuanzia hapo, kila msomaji yule alipoingia, rafu zilimpokea kama nyumba inavyompokea mwenyewe.

Kwa kuwa ramani ya nia ni siri ya moyo, Thuwaiba aliifungia kwa kufuli la amana. Wataalamu waliokikagua chombo waliweza kuuliza ramani moja inashabihiana kiasi gani na nyingine, lakini jina la mwenye ramani halikutajwa. Na yeyote atakayelivunja kufuli, hata awe muhandisi mwenyewe, ramani aliyokuwa akiichunguza huyeyuka papo hapo, kwa hoja kwamba amana iliyokhiniwa haina haki ya kuendelea kukaa mkononi mwa aliyeikhini. Kanuni hiyo aliiandika Thuwaiba mwenyewe, na siku alipoiandika moyo wake ulikuwa mweupe.

Jambo moja watu hawakulijua. Muhandisi hakuwahi kusomwa na chombo chake. Waliomuuliza aliwaambia hana wasaa. Ukweli ni kwamba alikuwa akiogopa kuona moyo wake umepangwa mbele yake, kila kitu mahali pake, asiweze kukana kitu.

*

Mumewe, Maalim Burhani bin Sefu, alikuwa amesomesha fiqhi na mashairi mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni Bi Shufaa binti Makame, hakimu mstaafu, aliyekaa mtaa wa Mikokoni, karibu na ukuta wa bahari. Wa pili ni Thuwaiba, aliyekaa juu kwenye minara ya jua. Zamu ilikuwa usiku mmoja kwa mmoja, na Maalim aliishika kama anavyoishika funga. Tena alikuwa na adabu yake: ya nyumba hii hayapelekwi nyumba ile. Kila nyumba alikuwa akiisomea kitabu baada ya isha, kurasa mbili tatu kwa sauti, na kitabu cha huku hakikuvuka kwenda huko. Thuwaiba hakujua mwenzake husomewa nini, wala Bi Shufaa hakujua ya kwake.

Kisha usahaulifu ukaanza kumla Maalim. Alisahau kama amekula. Alisahau majina ya majirani. Siku moja alitia sukari katika maji ya udhu, akayaonja, akaomba yaongezwe tangawizi. Lakini zamu hakuikosa hata mara moja. Kila alasiri baada ya sala alikwenda maktabani, akaingia hujra, akakaa humo kitambo, akatoka na kuelekea nyumba iliyomstahiki siku hiyo, na kigari cha sumaku kikampeleka bila yeye kumwuliza mtu.

Waliolijua jambo hilo walimshukuru Mungu. Thuwaiba aliliona kwa jicho lingine. Kila siku ya zamu ya Mikokoni alikuwa akichungulia dirishani kwake, juu kabisa mnarani, akiviona vigari vikiteleza chini kama shanga kwenye uzi, na akijiambia: kasahau jina la mamangu, kasahau siku tuliyooana, lakini njia ya kwenda kwa Shufaa haisahau. Hakukumbuka hata mara moja kwamba njia ya kuja kwake pia haikusahauliwa. Wivu ulimwachia jicho moja tu, na jicho hilo lilitazama Mikokoni.

Jumatano moja alimsindikiza Maalim mpaka ndani ya hujra, jambo ambalo hakulizoea. Rafu zilijaa. Vilikuwa vitabu vya Maalim mwenyewe, alivyoviweka wakfu ghalani, vimekuja na madoa yake na mikunjo yake. Katikati ya viwili kati yake ulining'inia utepe wa kijani, kama wa kushikia ukurasa. Maalim aliuvuta taratibu akausogeza mbele kitabu kimoja, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Kitabu changu kiko wapi, Maalim?" aliuliza Thuwaiba.

"Kiko hapa. Salama kabisa."

Kilikuwa kile alichokiandika yeye, juu ya mifereji ya sumaku. Furaha ilimpanda, lakini haikufika mbali, kwani ubavuni mwake kilisimama kitabu cha mirathi kilichoandikwa na Bi Shufaa enzi za uhakimu wake. Akasogea. Akakiona kitabu cha nyota ambacho Maalim alimsomea walipokuwa wapya, na ubavuni mwake kitabu cha mapishi chenye alama ya kidole cha mtu aliyekuwa na bizari mkononi. Yeye hakuwahi kupika kwa bizari. Akasogea tena, na tena. Kila alipokutana na kitabu alichokijua, pembeni yake kilikaa kimoja asichokijua, kinanukia nyumba nyingine.

"Huyu mwenzangu," alisema, "mbona kila nilipo na yeye yupo?"

"Nani huyo?"

"Bi Shufaa, Maalim. Hata rafuni kaniganda."

Maalim alicheka kicheko chake kidogo cha puani. "Ndivyo inavyotakiwa," akasema.

*

Maneno mawili hayo yalikaa na Thuwaiba Alhamisi nzima. Alikwenda nayo kazini, akarudi nayo, akayaandalia chakula. Maalim alipofika kwake alasiri hiyo, alimvua kanzu ili aipige pasi, akainusa, akasikia udi usio wake, akaitia majini ilhali ilikuwa safi.

Ijumaa, watu walipokuwa wamekwenda msikitini na maktaba imefungwa, alishuka peke yake hadi chumba cha Mpambanuzi. Sauti ya khatibu ilisikika kwa mbali kupitia matundu ya hewa, ikiusia watu wamche Mungu katika yaliyofichika.

"Mpambanuzi, ramani ya Maalim Burhani inashabihiana na ya nani?"

"Jina limo ndani ya kufuli la amana," alijibu Mpambanuzi kwa sauti yake ya upole, ambayo Thuwaiba mwenyewe ndiye aliyeichagua.

"Sikukuuliza jina. Kwa kiasi gani?"

"Nusu ya mpangilio wake inashabihiana na ramani ya msomaji mmoja, kitabu kwa kitabu, kwa mfuatano uleule. Mshabaha wa namna hiyo sijauona kwa wasomaji wengine wa mji huu."

"Nusu nzima?"

"Nusu kamili. Na kuhusu nusu ya pili..."

"Imetosha," alisema Thuwaiba. "Fungua jina."

"Kufungua kutaiyeyusha ramani unayoichunguza, ya Maalim."

"Nayajua hayo, niliyaandika mimi. Utamsoma upya. Wiki moja tu utakuwa umeichora."

"Nitakichora kile mkono wake utakachonionyesha. Unathibitisha?"

Khatibu alikuwa ameketi baina ya khutba mbili, na pale pakawa kimya. Thuwaiba alithibitisha.

Jina lililojiandika hewani lilikuwa lile alilolijua tangu Jumatano: Shufaa binti Makame. Juu yake, katika hujra, kulisikika mshindo mwororo wa vitabu vya Maalim vikipanda mara ya mwisho, kisha vikizama ghalani, mfano wa mvua inayomalizika juu ya bati. Alitarajia uchungu, au ushindi. Alichokipata ni kile anachokipata mtu aliyekikuna kidonda: nafuu ya punde, kisha moto. Alipanda hujrani akaukuta utepe wa kijani umeanguka sakafuni. Akautia mkobani.

*

Alasiri ileile Maalim alifika kama kawaida yake. Rafu zilimpandishia vitabu, lakini kwa mpango wa zamani, wa fani na namba, kila kitabu kikiwa na kibandiko chake mgongoni. Alizunguka mara moja. Akazunguka tena huku ameshika ukuta, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ngeni.

"Bi Thuwaiba, hii hujra ya nani?"

"Ni yako, Maalim."

"Ya kwangu haina namba."

Alimkalisha, akamletea vitabu vichache juu ya meza. "Vipange unavyopenda. Chombo kitajifunza tena."

Maalim alikitwaa kimoja, akakitia kushoto. Akakiondoa. Akakishika kifuani, akakitazama cha pili, akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba aambiwe. Jua lilisogea kutoka dirisha moja hadi la pili, na mezani hapakuwa na kitabu kilichokaa.

"Mpambanuzi," alinong'ona Thuwaiba, "unaona nini?"

"Naona mkono usio na pa kuelekea. Ramani ya kwanza niliichora wakati mpangilio ungali moyoni mwake. Tangu hapo moyo umepungukiwa, ramani ikabaki. Mpangilio ulikuwa umebaki katika ramani peke yake."

Miaka yote hiyo Thuwaiba alikuwa akiihubiri hekima ya kuisoma nia ya mtu, na halikumpitikia hata siku moja kwamba mtu anaweza kuitanguliza nia yake mahali salama, yeye mwenyewe akabaki nyuma.

Maalim alisimama. Alijifuta mikono kwenye kanzu, akauliza kwa adabu, kama mgeni anayeulizia njia: "Leo zamu ya nani?"

Ilikuwa zamu ya Bi Shufaa. Thuwaiba aliijua kama anavyoijua kibla. Alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na ulimi wake ulikuwa mwepesi, hauna maradhi yoyote.

"Kwangu, Maalim," alisema. "Leo ni kwangu."

Naye akamfuata bila shaka yoyote, na kuaminiwa kule ndiko kulikomchoma Thuwaiba zaidi ya jina alilolifungua.

*

Asubuhi ya Jumamosi alimwandalia chai ya maziwa na mkate wa kumimina, vile anavyoupenda, wenye kuungua kidogo kingoni. Maalim hakuugusa.

"Kula, Maalim. Utapoa."

"Nilikuwa na njia yangu," alisema Maalim, akitazama kikombe. "Kichwa kilipoanza kuniasi niliitengeneza. Kitabu cha kwako, kitabu cha kwake. Kitabu cha kwako, kitabu cha kwake. Utepe nausogeza kimoja kwa siku, nakishika ulipotua, najua mlango wa kubisha. Sasa sijui jana nilistahili kuwa wapi. Sijui nimemdhulumu nani." Aliinua uso, na uso wake siku hiyo ulikuwa wa mwalimu yule wa zamani. "Bi Thuwaiba, mimi nachelea kufufuliwa ubavu wangu mmoja umelala. Si imepokewa hivyo, kwa mwenye wake wawili akapendelea?"

"Imepokewa hivyo, Maalim."

"Basi."

Chai ikapoa kweli. Thuwaiba alikaa akiitazama rafu ile upya, katika kumbukumbu, kitabu kwa kitabu. Hakuwa amegandwa na Bi Shufaa. Walikuwa wamewekwa bega kwa bega, kwa mizani, na mtu aliyekuwa akiogopa kuinamia upande. Ndivyo inavyotakiwa, alikuwa amesema.

Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha Mpambanuzi. "Jana nilikukatiza. Ulikuwa unasema nini juu ya nusu ya pili?"

"Nilikuwa nasema kwamba nusu ya pili haishabihiani na ramani yoyote niliyonayo. Si kwamba haina mfano wake. Ni kwamba mwenye mfano huo hajapata kusomwa." Akashusha sauti. "Wakazi wa mji huu wasiosomwa hawazidi vidole vya mkono, Muhandisi."

*

Bi Shufaa alikuwa barazani kwake akiligombeza roboti la jikoni, ambalo lilikuwa limechambua choroko na kuyaweka mawe upande wa kula.

"Wewe ungekuwa shahidi mahakamani kwangu, ningekufunga," alikuwa akiliambia. Akamwona Thuwaiba. "Alaa. Bi mdogo. Karibu, kaa, kama utapata pa kukaa. Jana niliandaa sahani mbili, moja ikala nzi. Nikasema labda mume wetu amekufa, lakini nikawaza kwamba kwa kifo, walau, ningepelekewa habari."

"Yu hai, Bi Shufaa. Yuko kwangu."

"Hilo nalijua. Udi wangu unarudi umefuliwa, sembuse mwenyewe?"

Thuwaiba alikaa kwenye ukingo wa baraza. Alikuwa ametunga maneno njiani, yote yakamtoka. Alisema tu, moja baada ya jingine, alivyofungua kufuli, alivyoiyeyusha ramani, na alivyosema "kwangu" siku isiyo yake. Akautoa utepe mkobani akauweka mkekani.

Bi Shufaa alimtazama kwa macho ya mtu anayeandika hukumu. Roboti nalo lilisimamisha kazi, choroko mkononi.

"Kwa hiyo ulifungua," alisema mwishowe.

"Nilifungua."

"Ukanikuta mimi."

"Nikakukuta wewe."

"Basi sikiliza, na usinione mwema. Mwaka jana nilipeleka ombi la ukaguzi, nikijifanya nakagua haki za wasomaji. Nikakiuliza chombo chako ramani yangu inakaa wapi ndani ya ramani yake. Kikaniambia nusu. Nusu! Mimi niliyemwosha mama yake, niliyekaa naye kwenye njaa ya ukame ule mkubwa, nusu!" Aliichukua choroko moja, akaitupa uani. "Imenikaa hapa kooni kama mwiba wa changu. Ningekuwa na funguo zako, mwenzangu, ningefungua kabla yako, na udhu wangu ninao."

Thuwaiba alicheka bila kutaka. Mwenzake hakucheka, lakini alimsogezea kigoda akae vizuri.

"Anaomba arudishiwe njia yake," alisema Thuwaiba. "Mpambanuzi ana ramani yako, lakini hiyo ni mifupa ya upande mmoja. Ya upande wa pili ninayo mimi, sijaisema kwa mtu. Na hata hiyo ya kwako, Maalim alizidisha vitabu baadaye. Itabidi uniambie alikusomea nini, na kwa mpango gani. Na mimi nikuambie."

"Hayo ya chumbani kwangu?"

"Hayohayo."

"Miaka yote hii hakuna aliyemwuliza mwenziwe hata chumvi."

"Najua."

Bi Shufaa aliuokota utepe mkekani, akamrudishia mwenzake. Kisha akajifunga buibui lake. "Wewe," aliliambia roboti, "rudia choroko zote. Na kama nitavunjika jino, nitajua pa kukupeleka."

*

Walikaa hujrani siku baada ya siku, wanawake wawili na chombo. Katika siku hizo Maalim alipelekwa na kurudishwa kwa mkono, zamu kwa zamu, na hakuna aliyechukua ya mwenziwe. Kwanza Thuwaiba alisimama mbele ya meza tupu, akaunyoosha mkono wake usiowahi kusomwa, na Mpambanuzi akautazama. Kumbe moyo wake aliokuwa akiuogopa haukuwa na jambo la ajabu. Ulipanga vitabu kwa mahali Maalim alipokuwa ameketi alipovisoma: vya dirishani, vya kitini, vya kitandani alipokuwa anaumwa.

Kisha wakaanza kusema.

"Cha nyota," alisema Thuwaiba. "Ndicho cha kwanza."

"Wewe alikusomea nyota?" Bi Shufaa alikunja uso. "Mwezi uleule mimi alinisomea kilimo cha muhogo."

"Muhogo?"

"Nilikuwa na shamba, na nilipenda. Lakini nyota, jamani. Haya. Baada ya muhogo, kitabu cha hukumu za maji. Tulikibishania mpaka jirani akagonga ukuta."

"Mimi hakubishana nami hata siku moja," alisema Thuwaiba taratibu.

Kila neno lilikuwa na upande wake mkali. Bi Shufaa alipotaja kwamba Maalim alilia aliposoma kitabu cha safari ya Hija, Thuwaiba, ambaye hakuwahi kuyaona machozi yake, aliinamisha kichwa na kujifanya anasawazisha kitabu. Thuwaiba alipotaja mashairi ya mapenzi ambayo Maalim aliyaghani kwa mahadhi, akigonga ukingo wa kitanda kwa vidole, Bi Shufaa alitoka nje akasema anakwenda kunywa maji, na hakurudi upesi. Lakini alirudi. Na kila walipokitaja kitabu, rafu ilivuma, na kitabu kikapanda na kuketi pembeni ya cha mwenzake: cha huku, cha huko, cha huku, cha huko.

Haikurudi yote. Kulikuwa na mahali ambapo hakuna kati yao aliyekumbuka, na mahali hapo waliacha wazi. Mpambanuzi aliuliza kama apajaze kwa makisio. Wote wawili walisema hapana kwa pamoja, wakatazamana.

Ilibaki kuamua utepe ufungwe wapi. Thuwaiba alikwenda upande ambako safari ya siku hiyo ingeanzia, akahamisha kitabu kimoja kwa mkono wake, akaufunga utepe kabla ya kile cha muhogo.

Bi Shufaa aliinama akatazama kwa jicho la kihakimu. "Umekosea, bi mdogo. Hapa viwili vya kwangu vimefuatana."

"Sikukosea."

"Cha muhogo, kisha cha maji. Cha kwako kimerukwa."

"Kimerukwa, ndiyo," alisema Thuwaiba. "Utepe ukimaliza kuzunguka rafu yote nitakirudisha."

Bi Shufaa alikitazama kitabu, kisha utepe. Alimshika mwenzake kiwiko, akakiachia.

Baada ya sala ya alasiri Maalim aliingia. Rafu zilimpandishia vitabu. Alisimama mlangoni kidogo, kisha mabega yake yakashuka, na mkono ukanyooka wenyewe. Aliuvuta utepe mbele kitabu kimoja, akakishika kitabu, akakinusa udongo.

"Leo kwa Bi Shufaa," alisema.

Thuwaiba alimpa bakora yake, akamtazama mpaka kigari kilipogeukia Mikokoni. Wivu haukuwa umeondoka. Ulikuwa palepale, isipokuwa sasa alikuwa akijua umekaa mahali gani, na baina ya vitu gani.

Alasiri ya pili Maalim aliusogeza utepe tena, akakishika kitabu cha hukumu za maji, na uso wake ukaingiwa na kivuli. Alikirudia kwa vidole, mgongo na pembe.

"Bi Thuwaiba, jana sikuwa kwake?"

"Ulikuwa kwake, Maalim."

"Na leo tena." Alifikiri, polepole, mtu anayevuka mto kwa mawe. "Basi hapa ipo haki ya mtu inayorudishwa."

"Ipo," alisema Thuwaiba, na kumwekea viatu vyake vimeelekea mlangoni. "Nenda, Maalim. Anakungoja."